Benchi la Marijani

Marehemu Marijani Khalfani alikamatwa siku moja na benchi lake. Yeye aliachiwa baada ya miaka miwili. Benchi halikuachiwa.

Ni jambo la kuchekesha, na watu wa Temeke walilicheka miaka mingi, ila walicheka kwa kunong'ona. Marijani alikuwa muuza kahawa. Mbele ya nyumba yake aliweka benchi la mninga aliloliranda kwa mkono wake, na kila baada ya sala ya alasiri watu walikuja kubanana hapo, wakanywa kahawa, wakatafuna kashata, wakazungumza. Walizungumza uhaba wa sukari, foleni ya unga, na wakubwa ambao hawakuonekana kwenye foleni hata siku moja. Kuta zina masikio, sembuse benchi la barabarani. Mwaka sabini na tano, alasiri moja, gari likaja. Wanywaji wakatawanyika, Marijani akabaki peke yake na dele la kahawa mkononi. Hakufikishwa mahakamani wala hakusomewa kosa. Alipelekwa kizuizini tu, na benchi likachukuliwa liwe kielelezo cha kesi ambayo haikufunguliwa. Na kwa kuwa askari hawakutaka kuchafua sare, walimbebesha mwenyewe kichwani, akalipitisha mtaani mchana kweupe mpaka barabara kubwa lilikosimama gari, mbele ya wateja wake na watoto wake. Mkewe, Bi Somoe, alisimama mlangoni akatazama mpaka gari likaishilia.

Sasa ulikuwa mwaka tisini na nne. Marijani alikuwa amefariki kwa maradhi ya kifua, udongo wa kaburi haujakauka vizuri, na Bi Somoe yuko ndani anakaa eda. Hapo ndipo alipokuja mtu kuulizia habari za benchi.

Alikuwa kijana mrefu mwenye miwani na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kwa joto lile la Dar es Salaam. Rukaiya, mkwe wa Bi Somoe, alimkaribisha ukumbini. Kijana alipoona pazia la chumba limetikisika akanyoosha mkono kusalimia. Mkono ukabaki hewani, haukupokelewa na mtu.

"Mama yuko eda," Rukaiya akamnong'oneza. "Hapeani mkono na wanaume, wala hatoki. Wewe sema tu, anakusikia."

Kijana akarudisha mkono wake, akauweka mfukoni kwa aibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Naitwa Ansbert, mama. Natoka jumba la makumbusho, huko mjini. Kwanza pole kwa msiba. Pili..." Akakohoa. Si rahisi kuongea na kitambaa. "Pili, tumelipata benchi la mzee."

Rukaiya, aliyekuwa anachambua mchele, akaacha kuchambua.

"Lilikuwa wapi?" Bi Somoe akauliza.

"Kwenye ghala moja la serikali, mama. Limekodishwa kwa mfanyabiashara wa mafriji ya mitumba, akataka vitu vyote vitolewe. Tumekuta vitu vingi vya watu waliowekwa kizuizini. Mataipureta, redio, baiskeli, makoti, hata meno ya bandia ya mtu. Vilikuwa vinakwenda kuchomwa moto. Tumeviokoa."

"Mmeviokoa," Bi Somoe akarudia. "Kutoka kwa nani?"

Ansbert hakuwa mpumbavu, na zaidi ya hapo alikuwa mtu mwenye haya. Akaliruka swali, akaeleza kwamba mwezi ujao wanafungua maonyesho ya vitu hivyo, ili vijana wajue nchi ilipitia wapi. Kwamba wafadhili wameweka sharti kitu chochote kisionyeshwe bila ridhaa ya familia. Na kwamba Mkurugenzi anamwomba Bi Somoe aje siku hiyo, akae mstari wa mbele, akabidhi benchi kwa taifa mbele ya wageni. Gari litamfuata mpaka hapa.

"Mwezi ujao mie nitakuwa bado humu humu. Eda haina likizo, mwanangu."

"Ni saa mbili tu, mama."

"Hata ingekuwa dakika mbili. Mume wangu nilimkosa miaka miwili kwa amri ya watu. Kumkalia eda yake hakuna wa kuniamrisha." Pazia likatikisika kidogo. "Halafu, nikabidhi nini? Nina benchi mie?"

"Liko kwetu, mama, salama kabisa."

"Ndiyo nakuuliza. Kwenu huko, mtu anatoa kitu kilicho mkononi mwa mwenzie?"

Ansbert akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sasa mama unatakaje?"

"Lilitoka mlango huu mchana, watu wanaona. Lirudi mlango huu mchana, watu waone. Liwekwe pale pale lilipokuwa. Watu wakae, wanywe kahawa, wazungumze. Hapo litakuwa langu. Nikishakuwa nalo, nitawapa. Wallahi nitawapa kwa moyo mweupe, maana Marijani angefurahi."

"Wakae, mama? Vitu vya makumbusho havikaliwi."

"Basi hamna benchi nyie," akasema Bi Somoe. "Mna mbao."

*

Mfaume, mwana wa pekee wa kiume wa marehemu, alirudi nyumbani saa nane na baiskeli yake, ananuka. Hakuwa akinuka kwa uchafu. Alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha nguo, na tangu hapo kila alfajiri alikwenda machinjioni Vingunguti kuchukua utumbo na miguu ya ng'ombe, akavizungusha mitaa ya Tandika mpaka viishe. Alikuwa anaoga mara tatu kwa siku na harufu haitoki. Watu wa Temeke ni waungwana, hawakumwambia kitu. Ila msikitini alikuwa anakaa safu ya nyuma, kwa hiari yake.

Habari za benchi zilimfurahisha kwa sababu ya neno moja ambalo Ansbert alilisema wakati anaaga: makumbusho wanatafuta mlinzi, na Mkurugenzi amesema familia za wenye vitu zitafikiriwa kwanza. Kazi ya mshahara. Sare, kivuli na kiti cha kukalia. Mfaume aliposikia sharti la mama yake akaingia chumbani, akakaa juu ya mkeka.

"Mama, hawa watu hawawezi kuleta benchi huku uswahilini ili wakina Mzee Talha wanywe kahawa. Ni wakubwa wale."

"Sijawaita. Wamekuja wenyewe."

"Niachie mie nitie saini tu, yaishe. Kazi ile ikipita hairudi."

"Kazi nani kakukataza?"

"Wewe, kwa ajili ya benchi! Mama, mie nimechoka kunuka." Sauti yake ikapanda, na yaliyokaa moyoni miaka mingi yakatoka bila kupangwa. "Tena tuseme ukweli. Baba angefunga mdomo wake, angeuza kahawa yake kama wenzie, mie ningesoma. Nilitolewa shule kwa sababu ya hilo benchi. Leo linataka kunitoa na kazini kabla sijaingia!"

Rukaiya, huko ukumbini, alishika kifua. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo, japo wote walilijua.

Bi Somoe hakulia wala hakufoka. Alinyoosha mkono, akamtoa mwanawe kipande cha utumbo kilichoganda begani.

"Umesema kweli, ulitolewa shule," akasema. "Na ukweli mwingine ni kwamba wewe ndiye mrithi, mie mjane tu. Saini yako inatosha. Nenda kalione kwanza. Ukishaliona, ukitaka kutia saini, tia. Sitakununia."

*

Siku ya pili Mfaume alioga, akajifukiza, akavaa kanzu aliyofungia ndoa, akaenda mjini. Katibu muhtasi, dada mmoja anayeitwa Atuganile, alimkaribisha vizuri, kisha akasimama taratibu akafungua dirisha. Mfaume akaliona hilo na akajifanya hakuliona.

Mkurugenzi, Bwana Benson, alikuwa mtu mnene mchangamfu mwenye suti ya kijivu. Alimwagizia soda baridi. Alimwita "ndugu yangu" mara nyingi kuliko ndugu zake halisi walivyomwita.

"Mama yako tunamheshimu sana, ndugu yangu. Lakini wazee wetu, unawajua. Mambo ya kisasa hayawaingii. Wewe kijana, tunaelewana." Akasukuma karatasi ya ridhaa na kalamu mezani. "Na lile suala la ulinzi liko kwenye meza hii hii."

Mfaume akaichukua kalamu. Kweli aliichukua, tusimfiche. Kisha akakumbuka ahadi.

"Naomba nilione kwanza."

Ansbert akampeleka stoo. Benchi lilikuwa pembeni, ukutani, limeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Juu yake palikuwa na makopo ya rangi, chupa ya chai ya wafanyakazi, na nusu ya mkate kwenye gazeti. Ansbert akaviondoa haraka haraka huku anaomba radhi. Mfaume hakumsikia. Alikuwa analitazama lile benchi na kushangaa, maana kwa miaka yote kichwani mwake lilikuwa kubwa mno, na kumbe ni benchi tu. Akageuka akalikalia.

"Usikae, braza!" Ansbert akasema. "Samahani. Haturuhusiwi hata sisi."

Akainuka. Akaona basi walau alishike. Akalikamata upande mmoja, akainua. Lilipanda kidogo, likarudi chini kwa kishindo. Mninga si mchezo. Akakunja mikono ya kanzu, akajipanga, akainua tena kwa nguvu zake zote, naye ni mtu wa kubeba miguu ya ng'ombe kila siku ya Mungu. Upande mmoja tu, na magoti yakatetemeka.

Alisimama pale anahema. Baba yake alikuwa mtu mwembamba. Alilibeba lote, peke yake, kichwani, toka mlangoni mpaka barabara kubwa, na askari nyuma yake. Mfaume alikuwepo, alikuwa mtoto wa darasa la nne, na siku zote alilikumbuka tukio lile kama siku ya fedheha. Sasa ndiyo kwanza alikumbuka jambo ambalo aibu ilimficha: mzee hakuinama, wala hakuomba kupumzika. Alipopita kwa kila mteja wake aliyejibanza mlangoni, alimtolea salamu kwa jina, na benchi liko kichwani. Machozi yalimtoka Mfaume, na hayakuwa ya huzuni. Alijisikia mtoto wa mtu.

Alirudi ofisini kwa Mkurugenzi, akaisukuma karatasi.

"Mama yangu amesema lije nyumbani kwanza."

"Ndugu yangu, na ile kazi?"

"Kazi ni yenu, mzee. Benchi ni letu."

Uchangamfu wa Bwana Benson ukapungua. "Tunavyo vitu vingine vya kuonyesha, usidhani. Hatuli benchi sisi."

Ansbert, aliyesimama mlangoni, akakohoa. "Mkurugenzi, samahani. Picha ya benchi ndiyo iko kwenye kadi za mwaliko. Zimeshachapwa. Balozi ameshatumiwa yake."

Mwanamume mzima katika suti ya kijivu alikuwa ameshikwa pabaya na mjane wa Temeke ambaye hajawahi kumwona sura.

*

Lilirudi siku ya Jumamosi. Pikapu ya makumbusho ilifika barabara kubwa ikakwama, kwa sababu zama hizi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, kila mtu alikuwa amejenga fremu ya duka mpaka uchochoro umebaki wa kupita baiskeli. Dereva akazima gari. Benchi likateremshwa, na watu wakaanza kujaa.

"Haya ndugu yangu, lipelekeni," Bwana Benson akamwambia Mfaume.

Mfaume alikuwa amefunga mikono kifuani. "Sie hatukulileta huku barabarani, mzee. Kwa mkono wa serikali lilichukuliwa. Lirudi kwa mkono wa serikali."

Ansbert hakungoja. Alifungua vifungo vya shati lake mpaka chini ya shingo, akashika mwisho mmoja. Dereva akashika wa pili. Wakainua, wakatembea hatua chache wakaweka chini. Watoto wakacheka. Bwana Benson akatazama huku, akatazama kule. Watu wamemzunguka na wanamngoja. Mwisho akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha gari, akaingia katikati akaweka bega. Hivyo ndivyo lilivyopita mtaani: dereva mbele, msomi Ansbert nyuma, na Mkurugenzi katikati, tai imemwangukia mgongoni, jasho linamchuruzika.

Mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Wenzie wakamvamia. "Wee! Nyumba ya eda hiyo! Huna haya?"

Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi, pazia limeteremshwa. Sauti ya Bi Somoe ikatoka: "Mwacheni apige. Eda ni yangu, si yenu."

Loo! Kikaja kigelegele kingine, na kingine, mpaka kuku wakakimbia. Ndani ya chumba, Bi Somoe alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga imemfunika mpaka puani, na mgongo wake umenyooka kama wa msichana. Hakuweza kutoka kuona. Alisikia miguu ya benchi ikigusa mchanga chini ya dirisha lake, na alijua kwa mlio tu kwamba limewekwa pale pale.

Rukaiya akatoka na dele jipya, vikombe na sahani ya kashata. Akamimina kahawa. Mvuke ukapanda.

Hakuna aliyekaa.

Ansbert alidhani ni heshima. Haikuwa heshima. Mzee Talha, ambaye alikuwa amekaa mwisho wa benchi lile siku ile ya gari, na ambaye alikimbia na kikombe mkononi mpaka Keko, alisimama mbali kidogo akiegemea mkongojo wake, anatazama barabarani. Wazee wenzie nao wanatazama barabarani. Miaka karibu ishirini imepita, vyama vingi vimekuja, magazeti yanaandika yanachotaka, na bado wazee wale wanaangalia gari linatokea wapi.

"Karibuni wazee wangu!" Bwana Benson akasema, anajifuta jasho kwa leso. "Kaeni! Siku hizi ruksa!"

Bora angenyamaza. Waliposikia mtu wa serikali anawakaribisha, walirudi nyuma hatua nzima.

Kahawa ikaanza kupoa. Rukaiya akamtazama mumewe. Mfaume alijua kwamba mama yake yuko nyuma ya pazia, haoni nje, anangoja asikie. Alijua pia kwamba Bwana Benson, licha ya jasho na mchanga, alikuwa amemnong'oneza pale barabarani kuwa nafasi ya ulinzi bado haijajazwa. Akaenda. Akakaa katikati ya benchi, kanzu yake akaikunjia magotini, akachukua kikombe, akapiga funda.

"Kiwanda chetu kimeuzwa," akasema.

Hapo mahali palikuwa hapajasikika maneno ya namna hiyo tangu mwaka sabini na tano.

"Sijui nani kauza, sijui nani kanunua, wala sie tulioshinda humo hatukuulizwa. Mashine niliyoifanyia kazi toka ujana wangu imekatwa vipande ikauzwa chuma chakavu, nimeiona kwa macho yangu. Tuliambiwa tungoje mafao. Wenzetu wawili wamekufa wanangoja." Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini haikukatika. "Na huyu bwana mkubwa hapa, msimwonee, kabeba benchi na Mungu atamlipa. Lakini aliniita ofisini kwake akaniambia nikitia saini kinyume cha mama yangu, atanipa kazi. Nilishika kalamu, jamani. Mie mtoto wa Marijani nilishika kalamu."

Bwana Benson akatazama viatu vyake, vilivyojaa mchanga wa Temeke. Koti lake lilikuwa mbali kwenye gari. Hakuwa na pa kwenda, maana benchi lilikuwa bado halijatolewa zawadi, na kabla ya magharibi lilipaswa kuondoka. Liliondoka kweli, mpaka leo liko mjini nyuma ya kamba, na kibao chake kinasema ni zawadi ya Bi Somoe, mjane wa Marijani Khalfani, muuza kahawa. Na mlinzi wa jumba lile ni mtu mwingine, wala si Mfaume. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale alasiri ilikuwa bado mbichi, na watu wote wamegeuza shingo kutazama barabarani.

Gari halikuja.

Mzee Talha akasogea. Alitembea taratibu, mkongojo mbele, mpaka mwisho wa benchi, pale pale pake. Akalipapasa kwanza kwa kiganja. Kisha akakaa, akaguna, akanyoosha mkono apewe kikombe. "Sukari nayo," akasema, kwanza kwa hofu, halafu kwa hasira iliyolala miaka. "Sukari nayo mbona imekuwa hivi? Ipo dukani imejaa tele, na hainunuliki!" Mwingine akakaa kumuunga mkono. Mwingine akakaa kumbishia. Benchi likajaa, wakabanana, na wote wakasema kwa pamoja.

Mfaume alikuwa ameacha kusema, ameshika kikombe kwa mikono miwili, anatazama chini. Pazia la dirisha likatikisika juu ya kichwa chake.

"Rukaiya," Bi Somoe akaita kutoka ndani, "mpe Mkurugenzi kahawa, naye akae asikilize. Na wewe Mfaume, mbona umenyamaza? Sema, baba. Sema kwa nguvu, huku ndani sisikii vizuri."